Wegesa na Waya wa Tatu

Mashine ilipofika Musoma kwa basi kutoka Dar es Salaam, Wegesa Mniko hakusubiri kuifikisha nyumbani. Aliifungulia palepale kwenye ofisi ya vifurushi, stendi ya Bweri. Akachana gundi ya boksi kwa funguo za nyumba, akatoa povu la kuzuia mtikisiko, akaiinua kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga kwa ndugu. Ilikuwa na ukubwa wa betri ya gari, ya rangi ya manjano, ina mpini juu na kioo kidogo cha kusomea namba, na pembeni ina soketi ya kuchomekea kifaa kinachopimwa.

"Hiyo ni redio?" akauliza Eliasi, karani wa vifurushi.

"Ni ya kupimia usalama wa vifaa vya umeme," Wegesa akasema. "Hiyo ekstensheni yako iliyoko chini ya meza, naomba niipime."

Eliasi akainama kuitazama ekstensheni yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Ilikuwa imelala kwenye vumbi, imebeba feni, birika la chai na chaja za simu za makondakta waliokuwa wakila uji nje. Akasema haina shida, mbona inafanya kazi kila siku. Wegesa akamjibu kwamba kufanya kazi ni jambo moja na kuwa salama ni jambo lingine, na maneno hayo hayajamtoka vizuri alikuwa ameshachomoa kila kitu. Kwanza akaikagua kwa macho. Akapitisha vidole kwenye waya wote, kutoka kwenye plagi mpaka kwenye kisanduku cha soketi, akitafuta mahali palipochubuka. Akafungua plagi, akaangalia fyuzi na skrubu. Ndipo akaichomeka kwenye mashine na kubonyeza. Mashine ikatulia kidogo, ikatoa mlio mfupi, na kioo kikawaka kijani.

"Imefaulu," Wegesa akasema, uso mzima umechanua.

"Kwa hiyo na yenyewe imemaliza darasa la saba," Eliasi akasema, na watu waliokuwa wakisubiri mizigo yao wakacheka. Wegesa akacheka kuliko wote. Alitoka stendi na mashine begani, na njia nzima hadi Nyasho alikuwa akiongea peke yake.

Ndivyo alivyokuwa. Kuna watu hufurahishwa na mpira, wengine na kwaya. Wegesa alifurahishwa na plagi iliyofungwa sawasawa. Alizaliwa kijiji cha wavuvi kwenye rasi ya Majita, ambako umeme wa nguzo ulichelewa sana kufika, na alipofaulu kwenda sekondari akaletwa mjini kukaa na mama yake mdogo, Jenoveva, aliyekuwa na saluni Nyasho. Huko ndiko alikoujua umeme, na aliujua kwa ubaya.

Siku moja ya Jumamosi, saluni imejaa, Jenoveva alishika drayer ya chuma ya kukaushia nywele, iliyochomekwa kwenye ekstensheni ya zamani, akabaki ameishika. Hakupiga kelele. Alisimama amekakamaa, macho yamemtoka, na wateja wakadhani anafanya utani, mpaka mmoja wao alipoikanyaga swichi ya ukutani kwa kisigino cha kiatu. Jenoveva alipona, lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena vizuri, na kusuka akaacha. Jioni akaja fundi wa jirani, akaunganisha waya uliokatika kwa kuzungusha na kufunga nailoni, akachomeka taa, taa ikawaka.

"Tayari, imepona," akasema yule fundi.

"Umejuaje kama imepona?" Wegesa akauliza. Alikuwa kidato cha pili.

"Si unaona inawaka?"

Jibu lile halikumtoka kichwani. Hata drayer ile ilikuwa ikiwaka. Alipomaliza shule akaenda chuo cha ufundi kusomea umeme, msichana peke yake kwenye benchi la nyuma, akafanya kazi ya kufunga nyaya za nyumba kwa miaka mingi, akaolewa na Gasper, mfanyabiashara wa sato na sangara pale mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni. Lakini kila alipoingia ofisi au karakana ya mtu, macho yake yalikuwa yakishuka sakafuni kwanza, kwenye zile ekstensheni zinazopitishwa chini ya zulia na kuchomekwa moja juu ya nyingine. Nyaya za ukutani watu huzikagua nyumba inapojengwa. Za sakafuni hukanyagwa, huvutwa, hubanwa na miguu ya meza, na hakuna anayezitazama mpaka siku zitakapoumiza. Wegesa akajiambia kuwa hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Sasa mashine ilikuwa imefika.

Aliyemwita wa kwanza alikuwa Dafroza, mama wa makamo aliyekuwa na karakana ya kushona sare za shule Bunda mjini. Mmoja wa washonaji wake alikuwa amelalamika kwamba cherehani inamtekenya vidole. Dafroza, ambaye hakuwa mtu wa kudharau mambo, akatupa ekstensheni zote za zamani na kununua mpya, kisha akasikia kwamba Musoma kuna dada anayepima, akapiga simu.

"Njoo uniangalizie tu ili roho itulie," alimwambia. "Zangu zote ni mpya."

Wegesa alifika asubuhi, mashine begani. Karakana ilikuwa imechangamka, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Cherehani za umeme zilipangwa kwa mistari, vitambaa vya bluu na vyeupe vimerundikana hadi madirishani, na katikati ya miguu ya washonaji zilitambaa ekstensheni nyeupe zinazong'aa, kila moja na kitaa chake chekundu. Wegesa alifurahi kuziona. Kama ni kufaulu, hizi zitafaulu zote, na siku yake ya kwanza ya kazi itakwisha kwa chai.

Akaomba washonaji wa mstari wa kwanza wasimame kidogo. Akaichukua ekstensheni ya kwanza, akaikagua. Haikuwa na mchubuko, haikuwa na alama ya kuungua, plagi ilikuwa imara. Akaichomeka, akabonyeza.

Mashine ikatoa mlio mrefu wa kukwaruza, na kioo kikawa chekundu.

Washonaji wakageuka. Wegesa akabonyeza tena. Nyekundu. Akachukua ya pili, kisha ya mstari wa nyuma, kisha nyingine iliyokuwa bado kwenye plastiki yake. Zote nyekundu, zote kwenye kipimo kilekile, kile cha waya wa tatu. Wazo lililomjia kwanza lilikuwa kwamba mashine yake imeharibika njiani kwenye basi.

"Mama, una birika la chai la umeme?" akamuuliza Dafroza.

"Lipo. Unataka chai?"

"Nataka waya wake."

Waya wa birika ukachomekwa, mashine ikalia kwa ufupi, kijani. Basi mashine ilikuwa nzima. Hapo mwili wote wa Wegesa ukasisimka, kama mvuvi anayehisi kitu kizito kimeingia wavuni na hajajua bado ni nini. Akatoa bisibisi, akapiga magoti sakafuni, akaifungua ekstensheni mpya mgongoni. Washonaji wakaacha viti vyao wakamzunguka. Dafroza akainama na miwani yake.

"Hesabuni nyaya," Wegesa akasema.

"Mbili," wakasema.

"Na matundu ya soketi?"

"Matatu."

Tundu la juu, lile ambalo plagi huingizia jino lake nene, lilikuwa na kipande cha bati kisichounganishwa na chochote. Wegesa akaukata waya wenyewe. Mpira ulikuwa mnene, lakini shaba iliyokuwa ndani ilikuwa nyembamba kama nywele za bandia.

"Nyaya mbili ndizo zinazoleta umeme na kuurudisha," akawaeleza, akiongea haraka kama kawaida yake akifurahi au akiogopa. "Wa tatu ni wa ethi. Kazi yake ni siku ya mabaya. Umeme ukivuja ndani ya cherehani ukashika chuma, huo waya unaupeleka ardhini, na breka, ile swichi inayojizima yenyewe, inakata. Hapa haupo. Umeme ukivuja unakaa kwenye chuma, unasubiri mtu aguse, na njia ya kwenda ardhini inakuwa ni huyo mtu."

Yule mshonaji aliyekuwa akitekenywa akaangalia vidole vyake. Dafroza akavua miwani, akaenda mwenyewe ukutani, akazima meni swichi, na karakana yote ikanyamaza.

"Nilikuwaga najisifu kwamba nimeweka mpya," akasema. "Nimezinunua kwa Alfonce, hapo sokoni. Twende."

Alfonce alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene, mpole, mzee wa kanisa, ambaye alipoona Dafroza anakuja na fundi ameshika ekstensheni iliyopasuliwa, alidhani wameiharibu wenyewe na wanataka kuirudisha. Akaanza kusema bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Wegesa hakubishana. Alimwomba atoe moja kutoka kwenye boksi lake mwenyewe, aikate kwa koleo lake mwenyewe. Alfonce akaikata. Akautazama ule waya kwa muda, akaukunja kidoleni, ukavunjika.

"Nimeletewa na mtu wa lori," akasema taratibu. "Aliniambia ni za kisasa. Mimi nikaangalia boksi, likaonekana zuri." Akaanza kuziteremsha kutoka kwenye rafu, moja moja, kisha kwa mikono miwili. Halafu mikono ikasimama hewani.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji gani?" Dafroza akauliza.

"Rhobi. Mdogo wake mke wangu, yule wa Butiama, anayesimamia kituo cha maziwa. Wamehamishia tangi la kupozea kwenye chumba kipya na soketi bado hazijafungwa. Nikampelekea ekstensheni ndefu ya hizihizi. Nilimpa bure kabisa, kama mchango wangu."

Wegesa akaliona lile tangi akilini kabla hajaliona kwa macho: la chuma tupu, kwenye sakafu ya saruji ambayo haikauki, na watu wanaoshika maji na maziwa tangu alfajiri.

"Wanavaa gambuti?" akauliza.

"Wanazo. Lakini Rhobi anakuwaga hapendi, anasema zinamchelewesha. Anaoshaga pekupeku."

Alfonce akapiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena, akapiga ya mtu mwingine wa kituoni, ikaita mpaka ikakatika. Alichukua funguo za pikapu. Wegesa alikuwa ameshaanza kupakia vitu nyuma bila kuomba ruhusa: roli ya waya mnene wa nyaya tatu, soketi ya ukutani, breka, pini za kushikilia waya, nyundo. Dafroza akawasukuma waondoke, akisema karakana yake imezimwa na haitakimbia.

Walitoka Bunda kwa mwendo ambao Wegesa hakuutarajia kwa mtu mpole kama yule. Lami ilikuwa wazi mpaka karibu na Kiabakari, ambako kundi la ng'ombe liliamua kuvuka barabara polepole, na Alfonce, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpigia ng'ombe honi, akapiga honi mpaka mchungaji akamshangaa. Wegesa alishika mashine mapajani. Kichwani kila kitu kilikuwa kimepangika wazi: afike, azime, asimruhusu mtu kugusa chuma, ndipo aongee. Akayarudia hayo moyoni hadi wakakata kona ya kuingia Butiama. Aliogopa kweli. Na bado, kama angeulizwa, angekiri kwamba hakuwahi kujisikia mzima namna ile.

Kituo kilikuwa jengo la bati pembeni ya barabara, na nje wafugaji walisimama na keni zao tupu za maziwa wakipiga soga. Pikapu haijasimama vizuri Wegesa alikuwa chini. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mwanamke mrefu, sketi ameifunga kiunoni, miguu mitupu kwenye maji, ndoo mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili, anakwenda kulifuta tangi.

"Mama, simama hapohapo," Wegesa akasema kwa sauti kubwa. "Usiguse tangi."

Rhobi akasimama, mkono umenyooka.

"Shemeji, msikilize," Alfonce akasema nyuma yake, anahema.

Wegesa alikwisha kuiona meni swichi kwenye ukuta wa nje. Akaishusha. Mngurumo wa tangi ukafa, na chumbani ikabaki sauti ya matone tu.

Sasa Rhobi akageuka mzima. "Wewe ni nani unayenizimia tangi? Humo kuna maziwa ya asubuhi ya kijiji chote. Lori linakuja jioni, likikuta yamepata joto wanayakataa. Utanywa wewe?"

"Naitwa Wegesa Mniko, fundi umeme, natoka Musoma. Nisamehe, mama, nimekuja bila hodi. Ekstensheni hiyo haina waya wa ethi, na nina wasiwasi tangi linavuja umeme. Niambie kitu kimoja tu. Ukiligusa, huwa unasikia nini?"

Rhobi akafungua mdomo ajibu kwa hasira, akasita.

"Linatekenyaga," akasema. "Asubuhi ya leo limenitekenya mpaka kwenye kiwiko. Tulisema ni baridi ya chuma."

Wegesa akachomoa plagi ya tangi kutoka kwenye ekstensheni, akaichomeka kwenye mashine yake, mashine inayojitegemea kwa betri, akabana klipu kwenye chuma cha tangi. Wafugaji walikuwa wamejaa mlangoni. Kioo kikawa chekundu na mlio ule wa kukwaruza ukajaa chumba. Akawaeleza kwamba waya na chuma vilitakiwa viwe mbali kama watu waliogombana, na hapa vimeshikana mikono. Ekstensheni ingekuwa na waya wa tatu, breka ingekata siku ya kwanza na wote wangejua kuna ubovu. Haikukata, kwa hiyo tangi limekuwa likiwatekenya kila siku, na siku ambayo mtu angelishika kwa kiganja kizima akiwa amesimama kwenye maji mengi, lisingetekenya tu.

Rhobi akaweka ndoo chini. Akaiangalia miguu yake mitupu, akatoka kwenye maji, akaenda kuvaa gambuti bila kuambiwa na mtu. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Unaweza kulitengeneza kabla ya lori?" akauliza.

"Ngoja nione ubovu uko wapi. Wakati huo mniwekee magunia mabichi juu ya tangi, na mtu ayakoroge maziwa kwa mkono."

Hapo kituo kizima kikageuka karakana. Wafugaji waliokuwa wakipiga soga wakakimbilia magunia na ndoo za kisimani. Rhobi akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akachukua mwiko mrefu wa chuma na kuanza kukoroga mwenyewe. Wegesa akalala chali chini ya tangi na tochi ya simu mdomoni. Alikagua waya wa mota ya kupozea, akaupima, ukawa mzima. Akafuata waya mwembamba unaopanda kwenye mota ndogo ya kukorogea, ile iliyoko kwenye kifuniko, akiupapasa kwa vidole kama alivyofundishwa, na mahali unapopita kwenye tundu la bati, vidole vyake vikakuta kitu chenye unyevu na ukali. Walipolihamisha tangi, waya ulivutwa, ukakaa kwenye ncha ya bati, na mtikisiko wa mota ukaula mpira kidogo kidogo mpaka shaba ikatoka nje.

"Nimekupata," Wegesa akasema, na tochi ikamdondoka usoni.

Alicheka peke yake kule chini, na Rhobi akainama kuuliza kama yuko salama.

Aliukata ule waya pale palipoliwa, akaufunga upya kwa kiungo cha kubana na mpira wa kukinga maji, akalivika lile tundu la bati kipande cha bomba ili lisikate tena. Alfonce, ambaye aliuza nyaya miaka yote bila kufunga hata mmoja, alipewa nyundo na pini. Wegesa akapima njia kutoka kwenye boksi la breka hadi ukuta wa tangi, akavuta ule waya mnene wa nyaya tatu juu, mbali na maji, na Alfonce akamfuata ngazini akigonga pini, akijigonga kidole, akiendelea. Waya wa ethi wa jengo lenyewe ulikuwa mzima, umechimbiwa nyuma ya ukuta. Wegesa akaupima mara ya kwanza, akaupima tena kwa sababu hakutaka kuamini jambo lolote siku ile kwa kuliangalia tu. Soketi mpya ikakaa ukutani, juu ya kiuno cha mtu, na breka yake peke yake.

Rhobi alikuwa akitumbukiza kipimajoto mara kwa mara na kusema namba bila kuulizwa. Zilikuwa zinapanda, polepole, lakini zinapanda.

Wegesa akachomeka plagi ya tangi kwenye mashine yake kwa mara ya mwisho. Watu wakasogea. Akabonyeza. Mashine ikakaa kimya, ikaendelea kukaa kimya, na hata mfugaji mmoja aliyekuwa akitafuna muwa akaacha kutafuna. Kisha ukatoka mlio ule mfupi, na kioo kikawa kijani.

Akachomeka plagi ukutani, akapandisha breka, na tangi likakohoa na kuanza kunguruma. Akaweka kiganja chake chote kwenye chuma, akakiacha pale ili kila mtu aone.

"Sasa wewe, mama," akasema.

Rhobi akanyoosha vidole taratibu, akagusa kwa ncha, kisha kwa kiganja. Akasubiri.

"Ni baridi," akasema. "Ni baridi tu."

Lori lilikuja jua likiwa bado liko juu ya vilima. Dereva akachota maziwa kidogo, akayapima kwa dawa yake na kipimajoto chake, akarudia, akasema yako sawa, leteni bomba. Wafugaji wakashangilia kana kwamba timu yao imefunga. Rhobi akamkumbatia Wegesa, na nguo zake zote zikalowa maziwa na maji, kisha akamgeukia Alfonce, aliyekuwa amesimama pembeni ananyonya kidole alichokigonga.

"Shemeji, zawadi yako ingeniua," akasema.

"Najua," Alfonce akasema.

"Na umekuja mbio mwenyewe kuichukua. Ingia unywe maziwa."

Alfonce alikunywa maziwa machozi yanamlengalenga. Akaichukua ile ekstensheni ndefu, akaikata plagi, akaukata waya vipande vipande ili asije mtu akaiokota. Kesho yake alizunguka kwa kila aliyekumbuka kumuuzia, mpaka kwa kinyozi mmoja wa Guta aliyekuwa ameitumia kunyolea watu kwa wiki kadhaa, akazirudisha zote dukani na kuzikata hadharani mbele ya wateja. Tangu hapo hakuna boksi la ekstensheni linalopanda rafuni kwake kabla Wegesa hajapima kadhaa kutoka ndani yake.

Jioni ile Alfonce alimrudisha Wegesa Musoma kwa njia ya Makutano, na Gasper, aliyekuwa amekaanga sato na kumsubiri, alisikia habari yote tangu kioo kilipokuwa chekundu mara ya kwanza hadi bomba la lori. Alisikia tena wakati wa kula, na tena wakati wa kuosha vyombo. Alipouliza kama kesho atapumzika, Wegesa alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. Kesho alikuwa na deni la kumalizia karakana ya Dafroza. Zile cherehani zilikuwa bado zimezimwa.

Alipofika Bunda asubuhi, ekstensheni mpya, za kweli safari hii, zilikuwa zimepangwa mezani zikimsubiri, na Dafroza amesimama mlangoni. Lakini washonaji walikuwa wamepanga mstari nje. Habari za Butiama zilishafika. Kila mmoja alikuwa amebeba kitu kwenye kapu au kwenye khanga: ekstensheni ya nyumbani, ya duka la mume, ya ofisi ya parokia, moja imefungwa plasta ya hospitali, nyingine imeyeyuka upande. Nyuma yao walisimama watu ambao Dafroza hakuwafahamu kabisa, mmoja wa kituo cha kuchaji simu, mwingine wa steshenari, na mama muuza juisi aliyekuwa amebeba blenda na waya wake mzima.

"Nimewaambia utazipima za kwangu kwanza," Dafroza akasema.

"Za kwako kwanza," Wegesa akakubali. Akapima ya kwanza mbele yao wote, ikawa kijani, na washonaji wakapiga makofi. Alipomaliza za karakana na cherehani zikaanza kuvuma, akatoa meza barazani, akaiweka mashine juu yake, akakunja mikono ya shati, na kumwambia mama mwenye blenda asogee.